Daftari la Kumsifu Yaretzi

Novemba 4

Daftari hili nimepewa leo na Binti Priscila, afisa ustawi aliyetumwa na mahakama. Alikaa jikoni kwangu, kahawa hakuimaliza, akasema: "Mama Crisanta, kila siku andika umemsifu mtoto mara ngapi. Kihispania mara ngapi, Kiingereza mara ngapi. Na yeye alifanya nini. Jaji atataka kuona." Nikamwambia, binti yangu, mimi shule niliiacha darasa la sita nikaenda kuchuma vitunguu. "Andika tu kama unavyoongea," akasema. Haya, naandika ninavyoongea, na Bikira wa Guadalupe anishike mkono.

Mambo yenyewe ni haya. Binti yangu Graciela na mumewe Colby walifariki Agosti, lori liliwaparamia barabara kuu. Mtoto wao Yaretzi alikuwa kiti cha nyuma, akatolewa bila hata mchubuko. Ana miaka minne. Maneno yake yalikuwa machache tangu mwanzo, na baada ya siku ile hata hayo machache yakakatika. Sasa mama yake Colby, Darlene, Mzungu wa San Antonio, anamtaka. Mimi ninaye. Mwezi wa tatu jaji ataamua akae na nani. Habari ndiyo hiyo, sina nyingine, na sitaki nyingine.

Leo: Kihispania 1, Kiingereza 0. Alimaliza chapati yake ya tortilla nikamwambia "ndivyo." Hakunitazama.

Novemba 6

Kihispania 2, Kiingereza 0.

Niseme kweli mbele ya Mungu: kusifu sijui. Graciela aliwahi kuleta cheti cha hesabu, wa kwanza shule nzima. Nilifuta mikono, nikakitazama, nikamwambia, "Kazi yako ndiyo hiyo. Yangu mimi ni kuchuma." Ndivyo mama yangu alivyoniambia mimi, na mama yake alivyomwambia yeye. Mtoto akisifiwa sana kichwa huvimba.

Halafu sifa ina jicho. Ukimwona mtoto mzuri ukautamka uzuri wake, sharti umguse papo hapo, kichwani au shavuni, la sivyo macho yako yanabaki mwilini mwake na homa itamwangusha. Hata dukani, mtu usiyemjua akimpenda mwanao huomba: "Samahani mama, niruhusu nimguse." Nilimweleza Binti Priscila, ambaye bibi yake ni wa hapa hapa Bondeni, karibu na mpaka. Akacheka. "Mama Crisanta, fomu ya mahakama haina safu ya kugusa."

Mimi nitagusa tu.

Novemba 13

Kihispania 5, Kiingereza 2.

Binti Priscila amenibandikia kwenye friji maneno kumi ya Kiingereza ya kumtia mtoto moyo. Nimeyaandika upya kwa namna ninavyoyasikia. Nayafanyia mazoezi kazini, nikisimama kwenye mkanda wa mashine kuchambua mabalungi yenye madoa. Leo mwenzangu Tencha akanisikia. "Jamani, njooni mwone! Crisanta anaongea Kiingereza na mabalungi!" Mwingine akadakia: "Hilo lina doa, shoga, usilisifu, litaringa!" Walicheka mpaka msimamizi akachungulia. Nikacheka nao. Mwezi mzima sikuwa nimecheka.

Novemba 24

Amekuja Darlene. Mwendo wa saa nne, hajachoka hata kidogo, nywele zake zimesimama kama za siku ya picha. Watu hawa husema "kazi nzuri" kwa kila kitu. Mtoto kavaa soksi: kazi nzuri! Mtoto kakohoa akaziba mdomo: kazi nzuri, mpenzi! Chonita alikuwa ukumbini kwangu akimenya maganda ya mahindi. Chonita ni jirani na komadre wangu, yeye ndiye aliyemsimamia Graciela ubatizo. Akaninong'oneza: "Huyu mama akimwona mbwa anakojoa atampigia makofi."

Lakini Yaretzi alimkazia macho. Alimtazama mdomo saa nzima, hakupepesa. Mimi hanitazami hivyo.

Kihispania 8, Kiingereza 7. Nilikuwa nashindana, Mungu anisamehe.

Desemba 2

9 na 4. Manyunyu.

Desemba 3

11 na 6. Manyunyu.

Desemba 12

Sikukuu ya Bikira. Nilimpeleka Misa ya alfajiri. Wachezaji walipoingia na ngoma zao kubwa, aliniponyoka mkono akaenda kubandika viganja vyake viwili ubavuni mwa ngoma. Akacheka. Kicheko kisicho na sauti, lakini kicheko. Mpiga ngoma akamwachia. Nilipiga magoti pale pale sakafuni, watu wakadhani ni ibada tu. Nilisema: Mama, niachie huyu. Mmoja umeshamchukua.

Sikuhesabu leo.

Desemba 23

Darlene amemchukua kwa siku kumi. Ni amri ya mahakama, ya Krismasi. Tamale, vyakula vya sikukuu vya unga wa mahindi, nimetengeneza dazeni kumi na mbili na sina wa kumlisha. Chonita amebeba sita.

Desemba 27

Hakuna wa kumsifu.

Januari 3

Amerudi na koti jipya na kikohozi. Darlene anasema alimwimbia kila siku na bado hakusema. Aliniambia kwa Kiingereza cha polepole, kama anayemwambia mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilifurahi kwamba hakusema huko. Naandika ili iwepo: nilifurahi.

Januari 9

Kihispania 20, Kiingereza 15.

Binti Priscila alikaa saa mbili na kalamu yake. Niliangusha sahani kwa wasiwasi, ikavunjika vipande mia, nasi sote wawili tukaruka. Yaretzi alikuwa ametupa mgongo, anapanga viberiti. Hakugeuka. "Unaona?" nikamwambia, "huzuni imemziba huyu mtoto."

Binti Priscila akaifunga kalamu. "Mama Crisanta, nakupenda kama shangazi yangu. Lakini lazima niandike ninachokiona. Unamwita, hageuki. Unamsifu, haitikii. Jaji atasoma kwamba mtoto hajafungamana nawe."

"Na kwa Darlene anageuka?"

"Anamtazama usoni. Hilo nalo ni jambo."

Ameondoka. Nimefagia vipande. Hata mchana wa leo nimeuona mweusi.

Januari 14

26 na 22.

Januari 20

34 na 30. Nasifu kama atwangaye maji kwenye kinu. Ndivyo malkia wangu, kazi nzuri mama yangu, hodari, shujaa, jinsi unavyoshika kijiko, jinsi unavyokaa. Kooni nimekauka. Nikimgusa, uso wake unafunguka kidogo, anaegemeza shavu kwenye kiganja changu. Nikiondoa mkono nikaendelea kwa maneno, unafunga kama duka.

Januari 30

Binti Priscila amesema nipunguze kugusa. "Unamshika kila ukisema, Mama Crisanta, sijui anaitikia neno au mkono. Kaa upande wa pili wa chumba, msifu kwa maneno peke yake. Wiki mbili tu, ili niwe na kitu cha kumwandikia jaji." Nikamwambia kwetu haifai. Akasema, "Unataka abaki au hutaki?"

Nataka abaki. Nimekubali.

Januari 31

Kihispania 30, Kiingereza 30, mikono nimeikalia. Amenisogelea mara tatu, na mara zote tatu nimesimama nikaenda kushika sufuria.

Februari 2

Candelaria, sikukuu ya mishumaa. Darlene amekuja kumsalimu. Alikuwa na mafua, akakataa kuingia, akasimama getini na kitambaa puani asimwambukize mtoto. Kumbe naye anajifunza! Alitoa kikadi mfukoni akasoma Kihispania chake kama mtu anayetafuna mawe: uzuri gani huu, macho gani haya, malkia wetu. Akasema tena na tena, kutoka kule getini, kisha akapanda gari akaenda.

Chonita alishika msalaba wake wa shingoni. "Umemsikia? Kamsifu macho mara sita na hakumgusa hata unywele."

"Ana mafua, komadre."

"Jicho halina mafua."

Februari 6

Redio inasema upepo wa kaskazini unakuja na barafu. Wenye mashamba wanataka kila balungi litoke mtini kabla ya Jumatatu. Kazini saa kumi na mbili kwa siku. Yaretzi kwa Chonita. 10 na 10.

Februari 8

Jioni nimemkuta kwa Chonita amejikunja kwenye kochi, ana moto. Hakutaka maji. Nimempa dawa ya homa ya watoto. Upepo umeanza kupiga mabati.

Februari 9, Jumapili

Homa haishuki. Misa sikwenda. Chonita amempangusa kwa yai mwili mzima akisali Nasadiki mara tatu, akalipasua kwenye glasi ya maji. Ute ulipanda juu ukaganda, katikati pana duara. Jicho. Hata mimi nililiona.

"Nani?" nikauliza, ingawa nilijua atakachosema.

"Mzungu wako."

Kliniki Jumapili imefungwa. Kuna hospitali kubwa mjini, ndiyo, naiandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: hospitali ilikuwapo. Lakini hospitali wanaandika. Kila kitu wanaandika, na karatasi inakwenda kwa jaji: mtoto aliugua mikononi mwa bibi. Tena nilijua ni jicho. Na dawa ya jicho kila mama wa hapa anaijua: aliyelitia ndiye alitoe. Aje amguse.

Februari 10

Barafu kwenye ndoo ya mbwa. Kazini sikwenda. Yaretzi hali, analala na kushtuka, anajipiga kichwa kwa ngumi ndogo. Nilimgusa, nilimgusa kila mahali, nikamsifu kwa lugha zote mbili na ya machozi. Nikafikiri pia: labda si Darlene. Ni mimi niliyekaa upande wa pili wa chumba siku nane nikimrushia sifa kama mawe. Lakini mkono wangu haukumshusha homa, basi si mimi, basi ni yeye. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri.

Saa nne asubuhi nilimpigia adui yangu simu. Kiingereza changu ni cha kwenye mkanda wa matunda.

"Darlene. Wewe kuja. Mtoto homa."

"Homa kiasi gani? Umempeleka kwa daktari?"

"Wewe sifu yeye, wewe hapana gusa. Wewe kuja, wewe gusa mtoto."

Nilisikia anavyopumua. Nikajua nimempa kisu na mpini wake. Kesho ataliweka hili mbele ya jaji: bibi huyu badala ya kuita daktari aliniita mimi nije kushika mtoto kichwa.

"Crisanta, mpeleke hospitali."

"Gusa kwanza. Tafadhali. Tafadhali mama."

"Barabara ina barafu," akasema. Kisha: "Natoka sasa hivi."

Barabara waliifunga njiani. Amepiga simu: atalala kwenye gari kituo cha mafuta. Nami nikangoja. Siku nzima nilingoja.

Februari 11

Aliingia saa mbili asubuhi na koti lake, hakubisha hodi. Chonita akasimama pembeni na rozari. Darlene alipiga magoti karibu na kitanda, akavua glovu, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Yaretzi, kisha kingine kifuani. Alinitazama kama anayeuliza: hivi? Nikaitika. Alifanya nilivyomwomba, sawasawa, hakudharau. Mtoto akafumbua macho.

"Umeona!" akasema Chonita.

Darlene akaugeuza mto. Upande wa chini ulikuwa na usaha, wa manjano, umechanganyika na damu. "Crisanta," akasema. "Sikio."

Alimbeba na blanketi lake. Mimi nilipanda nyuma bila viatu, nikagundua hilo tumeshafika mjini.

Daktari alikuwa kijana mwenye taa kichwani. Alichungulia sikio hili, akachungulia lile. Akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, pa! Yaretzi aliendelea kutazama viatu vya daktari. "Tangu lini huyu mtoto hasikii?" akauliza kwa Kihispania. Darlene akanivuta mkono: "Anasema nini? Anasema nini?" Sikujua neno lake kwa Kiingereza. Nilijishika masikio nikatikisa kichwa.

Amejaa maji mazito nyuma ya viwambo vya masikio, kama gundi, pengine mwaka mzima au zaidi. Amekuwa akisikia kama aliyezama mtoni. Sasa moja limeoza na kupasuka. Huzuni, tulisema. Jicho, tulisema. Sifa elfu na zaidi kwa lugha mbili, na ushahidi ninao kwenye daftari, na hakuna hata moja iliyofika.

Februari 12

Tulikaa kwenye benchi la korido, bibi wawili, katikati yetu mfuko wa peremende.

"Siku mbili, Crisanta," Darlene akasema. "Siku mbili ulimwacha."

"Tatu," nikamwambia. "Ilianza Jumamosi."

Akafungua peremende, hakuila. Kisha akasema, taratibu ili nielewe: "Graciela aliniambia hukuwahi kumwambia neno moja zuri. Alidhani hukumpenda."

Nilitazama ukuta. Baadaye nilisikia kishindo kidogo, na ni yeye aliyekuwa akilia, kichwa kimeegemea mashine ya soda. "Nilikuwa naye siku kumi," akasema. "Niliimba. Aliuangalia mdomo wangu, nami nikadhani anapenda wimbo."

Tangu Novemba nilimwona mwanamke huyu ni nywele na meno. Leo nimemwona.

Februari 27

Wamemtia vijibomba masikioni, vidogo kuliko punje ya mchele. Ilichukua dakika chache. Alipoamka, muuguzi alirarua karatasi, na Yaretzi akaruka.

Machi 2

Anaogopa choo kikivutwa. Anaogopa viatu vyake mwenyewe. Amesimama mbele ya friji nusu saa akisikiliza inavyonguruma. Mbwa wa Chonita alibweka, Yaretzi akamwonyesha kidole, akasema: mbwa. Kwa Kiingereza. Nilifurahi hivyo hivyo.

Machi 5

Jumatano ya Majivu. Wakili wangu, kijana wa msaada wa bure, amenifundisha: "Jaji akiuliza kuhusu zile siku, sema ulidhani ni mafua. Kila mtu hudhani ni mafua. Usitaje jicho, usitaje yai, mama yangu, nakuomba kwa magoti." Nikamuuliza kama nitaapa. "Utaapa, ndiyo." Nikamwambia basi niache nifikiri. Nimefikiri hadi majivu yamenitoka usoni. Ukweli utanipokonya mtoto. Uongo utanibakizia, na nitamfundishaje kuomba kwa mdomo huo?

Machi 8

Nimempigia Padre. Anasema ninalijua jibu. Ndiyo, nalijua. Nilitaka mtu aniambie silijui.

Machi 11

Jaji ni mwanamke wa makamo, ana miwani ya kamba. Nilinyanyua mkono nikaapa. Aliuliza kwa upole, mkalimani akanigeuzia: "Siku ile ya Jumapili, ulijua hospitali iko wazi?"

Wakili alitazama viatu vyake.

"Nilijua, mheshimiwa."

"Kwa nini hukwenda?"

"Nilikuogopa wewe," nikasema. "Na niliamini ni jicho. Nikamwita mama huyu aje amguse, maana ndivyo tulivyolelewa. Nilikosea, na mtoto ndiye aliyelipa kwa sikio lake."

Darlene aliulizwa baada yangu. Angeweza kunimaliza. Alisema aliyoyaona: mto, usaha, siku tatu. Kisha akasema bila kuulizwa: "Mheshimiwa, na mimi nilikuwa naye Krismasi nzima sikugundua. Na huyu mama alinipigia simu akijua itamgharimu nini. Sijui kama mimi ningepiga." Binti Priscila naye alisimama, akasema ni yeye aliyeniambia nisimguse.

Jaji alisoma karatasi zake kwa muda mrefu. Halafu akasema nilichokuwa nakiogopa tangu Novemba. Yaretzi anakwenda San Antonio, kwa Darlene, iliko kliniki ya masikio na mwalimu wa kuongea. Mimi nitamwona kila wikiendi ya pili. Agosti tutarudi mbele yake. Alisema ananishukuru kwa kusema kweli. Niliitikia kwa kichwa, nikaona nyundo, meza, bendera.

Kwenye ngazi za nje Darlene alinishika kiwiko. "Yale maneno," akasema. "Ya Kihispania. Kikadi changu ni cha duka. Unavyomwambia wewe, sivyo kilivyoandikwa."

Machi 14

Nimemwandikia. Kurasa mbili, herufi kubwa, namna ya kutamka pembeni. Cha kumwambia akiamka, akimaliza chakula, akianguka bila kulia, akiogopa radi. Cha kumwambia akishindwa, hicho nimekipigia mistari miwili. Na kila mstari nimeandika mkono uwekwe wapi: kichwani, shavuni, mgongoni katikati ya mabega. Chonita alinikuta naandika. "Unampa silaha zako zote," akasema. Nikamwambia zingefanya nini hapa, nimsifie friji?

Machi 15

Nguo zake zimeingia zote kwenye sanduku moja. Darlene anafika saa nne. Yaretzi yuko sebuleni anagonga kijiko kwenye kila kitu, meza, kiti, ukuta, anasikiliza kila kimoja kinasema nini. Nimekwenda kulilia bafuni, bomba nimelifungua hadi mwisho, maana sasa anasikia.